Ukimkamata mwizi mwenyewe mtaani, mipaka yako inaishia wapi? Mbeya, Iringa na majirani tujadili

Mwana_Uyole (mleta uzi)

Wakuu, poleni na baridi.

Naleta jambo lililougawa mtaa wetu. Kwenye grupu la WhatsApp watu wametoleana maneno mazito mpaka mwenyekiti akalifunga kwa muda. Usiku wa kuamkia Jumapili kijana alikutwa ndani ya uzio wa jirani, betri ya gari ameshaifungua, imo kwenye salfeti. Mwenye nyumba akapiga yowe, wanaume tukatoka, akadakwa akiparamia ukuta. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi ulianza dakika ile ile. Upande mmoja: "Apate dozi kwanza, polisi baadaye." Upande wa pili, mimi nikiwemo: afungwe mikono, aitwe mwenyekiti, apelekwe kituoni. Ndipo mzee mmoja mpangaji akauliza kitu kilichowanyamazisha wote: "Na sisi ruhusa ya kumfunga mtu kamba tumepewa na nani? Akienda kusema tumemteka?"

Kijana alifika kituoni kwa miguu yake, ukiacha makofi aliyoyapata njiani. Lakini mzee hajajibiwa hadi leo. Raia wa kawaida ana uwezo gani kisheria wa kumkamata mtu? Na akishamkamata, kinafuata nini? Wale wa "mwizi auawe tu" mtuachie nafasi, wimbo huo tunaujua.

Kijana_wa_Kabwe

Naweka kambi hapa.

Boda_Mafiati

Mkuu, mnajisumbua. Kijiweni kwetu mwenzetu alikodiwa usiku kupeleka abiria Iganzo, wakamkaba, pikipiki ikaenda, mguu mpaka leo unachechemea. Tulikuja kumjua mmoja wao. Tukampeleka kistaarabu, tukaandikisha maelezo. Baada ya muda tunamkuta sokoni anakula chipsi, anatuangalia na kucheka. Wewe hapo utamwita mwenyekiti?

Sisi siku hizi tunasikia tu "boda kakabwa", tunawasha pikipiki wote. Mengine sitaandika.

Msimamizi

Nimeondoa picha ya mtuhumiwa iliyowekwa na mchangiaji mmoja. Msiweke sura za watu humu, hata kama mna uhakika.

Wakili_Kitanzini

Kamwene wote. Mimi ni wakili, niko Iringa mjini. Naanza na swali la yule mzee maana ameuliza kitu cha maana kuliko sote.

Ruhusa ipo, na ni ya siku nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, ina kifungu cha 16 (nafuata namba za toleo la 2019). Raia yeyote anaweza kumkamata mtu ambaye mbele yake anatenda kosa miongoni mwa yale ya kifungu cha 14, yaani yale ambayo hata askari angemkamata bila hati. Kifungu hicho hicho kinamruhusu mwenye mali, mtumishi wake au mtu aliyemtuma, kumkamata anayekutwa akiiharibu mali ile. Kwa hiyo mzee alale usingizi, hamkumteka mtu.

Ila sharti ni kwamba umeshuhudia. Si "nimeambiwa na jirani kwamba ndiye", si "huyu sura yake naijua", si "tangu ahamie hapa vitu vinapotea". Askari anaweza kumkamata mtu kwa kumshuku kwa sababu za msingi. Wewe uwanja wako ni mdogo kuliko wake.

Namna ya kukamata nayo imeandikwa. Unamgusa au unamzuia mwili, isipokuwa kama amejisalimisha kwa kauli au kwa kitendo. Akikaa chini mwenyewe na kunyanyua mikono, ngwala ya nini? Kamba ni halali kwa kiasi cha kumzuia asitoroke, ikizidi hapo imeshakuwa mateso. Unamwambia kosa analokamatiwa, ingawa aliyekutwa na betri ya watu kwenye salfeti usiku wa manane hadai hotuba ndefu.

Halafu unamkabidhi. Hapa ndipo mitaa mingi inapoteleza. Sheria inataka umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna askari karibu, umpeleke kituo kilicho jirani. Si asubuhi baada ya kikao cha mtaa. Si baada ya shangazi yake kuleta hela ya betri. Umepewa uwezo wa kushika na kukabidhi tu. Kumhoji mpaka ataje wenzake, kumtoza faini, kumzungusha mtaani na salfeti kichwani, hayo yote ni yako binafsi na utayajibu binafsi.

Binti_Mlandege

Asante wakili. Na kama nimemkuta mtu asubuhi anauza simu yangu iliyoibwa jana? Sikumwona akiiba.

Wakili_Kitanzini

Dada, kukutwa na kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi nako kumo kwenye kifungu cha 14. Ila nakushauri usianze na kola ya shati. Mwite askari au mgambo akiwa bado yuko pale, kaa mbali kidogo, kariri alivyovaa. Anayeuza simu sokoni mara nyingi ameinunua kwa mwingine jana yake, na ukimrukia yeye aliyekuibia anapata habari kabla yako. Nenda na risiti, boksi la simu au namba ya IMEI.

Boda_Mafiati

Wakili, hayo ya darasani. Sema basi kwa nini wanaachiwa.

Mpelelezi_Mstaafu

Ngoja hilo nilijibu mimi. Nimefanya upelelezi miaka mingi kwenye wilaya za huku, nimestaafu, sasa nalima viazi. Boda, hasira yako naielewa. Nikueleze kesi inavyokufa, maana nimeziona zikifa mezani kwangu.

Usiku wa manane umati unamleta kijana kituoni, wote wanaongea kwa pamoja. Nauliza: nani alimwona akifungua betri? Kimya. "Tulisikia yowe." Nani alimshika? "Sote." Sote hawapandi kizimbani, kizimbani anapanda mtu mmoja mmoja. Betri iko wapi? Kuna mwema mmoja ameirudisha kwa mwenyewe isije ikapotea. Kielelezo kimeshatoka eneo la tukio, hakuna aliyekiandika, hakuna aliyesaini, na mwenye nyumba ameshaifunga kwenye gari kwa sababu asubuhi anasafiri.

Haya, tuseme betri imeletwa. Mwenye mali anaitambuaje? "Naijua ni yangu." Mahakama haitoshelezwi na hilo. Ili mtu atiwe hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni, lazima ithibitike kwamba kweli alikutwa nayo, kwamba mlalamikaji ameitambua bila shaka, kwamba imeibwa karibuni, na kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Betri za aina moja ziko maelfu Mbeya hii. Yako ina nini? Ina mkwaruzo, ina herufi ulizochora kwa msumari, ina terminali moja iliyofungwa waya? Hayo uyataje kabla hujaonyeshwa. Ukiyataja baada ya kuiona, wakili wa utetezi anafurahi.

Nije kwenye kipigo. Mkimleta mtu damu zinamtoka siwezi kumsukuma mahabusu, akinifia humo mimi ndiye wa kujieleza. Anaandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anapelekwa hospitali, natoa askari wa kumlinda wodini wakati doria ilikuwa inamhitaji. Maelezo ya onyo, yaani maelezo yake mwenyewe baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yanatakiwa yachukuliwe ndani ya saa nne tangu awe chini ya ulinzi, labda uombe muda wa nyongeza kwa utaratibu. Yeye anashonwa.

Na kitu msichokijua: ukiri aliowapa ninyi pale ukutani ulikuwa mali. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba mtuhumiwa akikiri kwa mdomo mbele ya mashahidi wa kuaminika, hata wawe raia tu, ukiri huo peke yake unaweza kutosha kumtia hatiani. Sharti awe alikuwa huru anaposema. Aliyekiri amepiga magoti, tairi shingoni, mtu ameshika kiberiti, huyo hakuwa huru. Ushahidi wenu mmeuchoma wenyewe kabla ya kumfikia yeye.

La mwisho ndilo linaloniuma. Hamji mahakamani. Samansi inafika, "niko Tunduma napakia mzigo". Shauri linaahirishwa, linaahirishwa tena, hakimu analifuta. Kijana anarudi mtaani, mnasema polisi wamekula.

Boda_Mafiati

Na wanaokula hawapo?

Mpelelezi_Mstaafu

Wapo. Sikatai, nimefanya nao kazi. Lakini anayekula anapenda sana faili lisilo na shahidi. Faili lenye mashahidi wanaojulikana majina, wanaopiga simu kuuliza tarehe, ni gumu kumeza.

Kijana_wa_Kabwe

Hapo kwenye betri yenye herufi mzee umenigusa, natoka kwenda kuchora ya kwangu sasa hivi.

Mzee_wa_Usangu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Vijana mnaongea kana kwamba ulinzi wa raia umeanza na WhatsApp. Huku Mbarali tumefuga na wenzetu waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani, na ndio waliotuletea habari za sungusungu kwa undani. Lile jambo lilianzia huko kwao, Kahama na majirani zake, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa mifugo ulipozidi na polisi wakawa mbali. Walikuwa na filimbi, mwano (yowe lao la kuitana) na viongozi wao. Serikali ilibabaika mwanzoni, Mwalimu mwenyewe akawatetea, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili vikundi vya namna ile vitambulike. Mgambo walikuwa wameshapewa uwezo wa kukamata tangu sheria ya mwaka 1975.

Nasema hivi kwa sababu watu wanachanganya. Mgambo aliyepita mafunzo na anayejulikana kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya ana sheria yake. Ulinzi shirikishi wa mtaa ulioandikishwa kwa mtendaji na kituo cha polisi una utaratibu wake. Kundi la vijana waliotoka kwenye banda la mpira na marungu halina chochote zaidi ya kile kifungu alichotaja wakili.

Na sungusungu wenyewe nisiwapake asali. Waliokoa ng'ombe wengi. Vilevile walipiga watu, waliwatenga watu, na vikongwe wenye macho mekundu, waliodhaniwa wachawi, walipata tabu kubwa katika zama zile. Nguvu isiyoandikwa popote haichagui vizuri.

Mama_Lusajo

Ugonile baba. Mimi niko Rungwe, nina shamba la parachichi. Wizi wa huku si wa betri, wanaingia usiku wanachuma parachichi za aina ya Hass ambazo hata hazijakomaa, wanajaza kreti, asubuhi ziko kwa dalali. Wakichuma mbichi wanavunja na matawi, mwaka unaofuata mti unakupa nusu. Nimeweka kijana wa ulinzi. Anaruhusiwa kumkamata mtu, au mpaka niwepo mimi?

Wakili_Kitanzini

Mama, kijana wako anaruhusiwa. Ni mtumishi wako, na anayevunja matawi ameharibu mali. Pia kama amemwona akiiba, anaingia kwa ule mlango wa kwanza wa raia yeyote. Mwandikie hata barua fupi kwamba ndiye mlinzi wa shamba lako, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, ili siku ya kesi asiulizwe ulikuwa nani pale.

Mwambie pia kuhusu panga. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda na kulinda mali, lakini kwa nguvu inayofaa tu. Ukizidisha na mtu akafa, hata kama ulianza kwa kujilinda, unaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mtu anayekimbia na kreti mabegani, amekupa mgongo, si wa kukatwa panga mguuni. Kreti ni hela, mguu ni jela.

Mama_Lusajo

Ndaga. Tena wengine ni watoto. Mwezi uliopita tulimshika wa darasa la tano.

Wakili_Kitanzini

Chini ya miaka 10 hana jinai kabisa. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe alijua analotenda ni kosa. Na mpaka afike 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Mpeleke kwa wazazi na mtendaji, muhusisheni ofisa ustawi wa jamii. Akija dalali wa kununua kwa watoto, huyo ndiye wa kumtafutia askari.

Nesi_wa_Usiku

Nimesoma kimya kimya, sasa naongea. Hospitali sitaitaja.

Wanaoletwa baada ya "wananchi wenye hasira kali" nimewapokea wengi. Niwataje hawa niliowapokea mwenyewe. Mgonjwa wa akili aliyeingia uani kwa watu akitafuta maji. Mlevi aliyegonga mlango wa nyumba inayofanana na yake, hizi nyumba za kupanga zote zina bati la rangi moja. Na kijana aliyekuwa anakimbia na begi lake mwenyewe, wezi wanamfukuza, wakamzidi akili: wao ndio wakawahi kupiga kelele za "mwizi!" Mtaa mzima ukamdaka yeye, wezi wakasaidia kupiga, wakaondoka na begi.

Mniambie pale kuna mtu alimuuliza jina?

Kuna jambo lingine mnaopiga hamlijui. Mtu anaweza kupigwa fimbo na mabuti, mkamwona anaondoka anatembea, mkasema "tumemwadabisha tu". Misuli iliyopondwa inamwaga vitu vyake kwenye damu, vinakwenda kuziba figo. Siku ya pili, ya tatu, mkojo unatoka mweusi kama koka, au hautoki. Bila kusafishwa damu anakufa, wakati ninyi mmeshasahau na mmeshalala. Hakuwa na jeraha hata moja la kushona.

Tafadhali. Akipigwa, hata kidogo, semeni ukweli mnapomleta. Msiseme "ameanguka ukutani". Tunahitaji kujua ili tumwekee maji mapema.

Boda_Mafiati

Dada nesi hiyo ya figo sikuijua.

Wakili_Kitanzini

Naongezea hapo hapo. Akifa siku ya tatu wodini, kosa ni lile lile la mauaji. Mauaji hayana dhamana Tanzania. Unakamatwa, unakaa mahabusu wakati upelelezi unaendelea, shauri linatajwa mahakama ya chini ambayo haina uwezo wa kulisikiliza, mpaka lifike Mahakama Kuu. Kwa Mbeya wengi wanaisubiri wakiwa Gereza la Ruanda. Na usijitetee kwamba wewe ulileta tairi tu. Kanuni ya Adhabu inamhesabu aliyesaidia na aliyechochea pamoja na aliyetenda, na watu wenye nia moja wanajibu kwa pamoja matokeo ya nia hiyo. Kusimama tu ukiangalia peke yake hakukutii hatiani, ila siku hizi wapelelezi hawahangaiki, mnajirekodi wenyewe na sauti zenu zinasikika "mpe, mpe".

Kijana_wa_Kabwe

Hivi kuna mtu aliwahi kufungwa kweli kwa haya mambo? Maana kila siku kwenye gazeti ni "ameuawa na wananchi wenye hasira kali", basi, habari imeisha. Kama vile hasira kali ni mtu mmoja asiye na jina.

Mpelelezi_Mstaafu

Wamo magerezani. Lakini umesema kweli, mara nyingi faili linakwama kwa sababu mtaa mzima unafunga mdomo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kila mwaka kinatoa ripoti yake na haya mauaji hayakosi humo. Waandishi nao wanalo jukumu. "Wananchi wenye hasira kali" ni maneno yanayomfichia mtu kosa la kunyongwa.

Iringa_si_Iringa

Mnakumbuka Oktoba 2016? Wale watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo, wakaitwa wanyonya damu, wakauawa na gari kuchomwa. Mpaka leo nikiwa Dar watu wananiambia "ninyi Wahehe mliua watafiti". Jamani, ni kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma! Jina tu.

Ila funzo limekaa pale pale. Wale walikuwa watu wa serikali, wana gari la serikali. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "tuwazuie, tumpigie mtendaji athibitishe". Kuwazuia kungekuwa kosa dogo, wangeombwa radhi, wangeondoka.

Mhehe_Atlanta

Niko Georgia, Marekani, nilitoka Kihesa. Huku ilitokea Februari 2020, kijana mweusi Ahmaud Arbery, miaka 25, alikuwa anakimbia mazoezi karibu na Brunswick. Baba na mwanawe na jirani yao wakamfukuza kwa magari, wakampiga risasi, wakasema walikuwa wanafanya ukamataji wa raia. Mwanzoni hata mwendesha mashtaka mmoja aliona wana haki, kwa sheria ya jimbo iliyokuwepo tangu 1863. Video ilipotoka ndipo wakakamatwa. Sheria ile ikafutwa Mei 2021, na Novemba mwaka huo wote watatu wakatiwa hatiani kwa mauaji. Hawakuwa wameona kosa lolote kwa macho yao. Walikuwa na hisia tu, kama yule wa "tangu ahamie hapa vitu vinapotea" aliyetajwa na wakili.

Boda_Mafiati

Sawa. Nimewasikia wote, na sijasema nimegeuka. Sasa niambieni kitu cha kufanya, si cha kuacha. Saa tisa usiku, niko kijiweni, tumemshika mtu na pikipiki ya mwenzetu, kituo kiko mbali, na vijana wangu kumi wana hasira. Nifanye nini? Si kwa Kiswahili cha mahakamani.

Mpelelezi_Mstaafu

Safi, hilo ndilo swali.

Kwanza mtoe kwenye mwanga wa watu. Umati unakua kila dakika, na wanaofika mwishoni ndio wanaoua, maana hawajui hata ameiba nini. Mkalishe chini, mgongo ukutani, wawili unaowaamini wakae naye, wengine geuzia kazi: wewe kampigie mwenyekiti, wewe kalinde pikipiki isiguswe, wewe katafute bajaji. Mwenye kazi hapigi.

Piga 112. Hawakupokea, piga namba ya mkuu wa kituo au polisi kata, ile unayotakiwa kuwa nayo kabla ya siku hiyo. Mtendaji na mwenyekiti wakiwepo ni ngao yenu ninyi, si yake. Akifa au akidai kaporwa hela, wao ndio watasema mlimkabidhi akiwaje.

Pikipiki ipigwe picha pale pale ilipo, namba ya usajili na ya chesisi zionekane. Usiiendeshe kuirudisha. Picha ya mtuhumiwa mpige akiwa mzima, si ya kutuma kwenye magrupu, ni ya kuonyesha hali uliyomkuta nayo.

Mfikishe na watu wachache: aliyemwona, aliyemshika wa kwanza, mwenye pikipiki. Mkifika, hakikisha imeandikwa, chukua RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha kituo), chukua jina la mpelelezi atakayepewa faili. Hati ya kuchukua mali isomwe kabla ya kusaini. Kila mmoja aandike maelezo yake mwenyewe, alichokiona yeye, si alichokisikia kwa mwenzake, maana kesi nyingi zinaanguka kwa mashahidi waliokariri maneno mamoja kisha wakatofautiana kwenye maswali.

Halafu kijiwe chenu mna mfuko wa kuzikana na kuuguzana, sivyo? Toeni humo nauli ya shahidi siku ya kesi. Hicho ndicho kinachomtisha mwizi.

Boda_Mafiati

Hiyo ya nauli nitaipeleka kikaoni Jumatatu. Ya kumtoa kwenye mwanga wa watu… nitajaribu. Vijana wangu hawajakaa sawa, sitadanganya.

Mwana_Uyole

Wakuu nashukuru. Nimemsomea mzee wetu majibu, akasema "kumbe tulikuwa sahihi kwa bahati". Sasa hivi nahangaika na kingine: mwenye betri anasema yeye hana muda wa mahakama, betri ameshairudishiwa, yameisha.

Mpelelezi_Mstaafu

Mwambie kwamba yule kijana akiachiwa, atarudi kwa jirani yake, yaani kwako.

Dada_wa_Igawilo

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kuna mwanachama amechukua mkopo mkubwa, marejesho hatoi, simu hapokei. Wenzangu wamepanga Jumamosi tukamkamate, tumfungie kwa mweka hazina mpaka mumewe alete hela. Kuna mgambo amekubali kutusindikiza. Kwa hicho kifungu cha 16 tuko salama?

Wakili_Kitanzini

Hapana dada, hata kidogo. Kushindwa kulipa deni si jinai, hakuna kosa analolitenda mbele yenu. Mkimfungia ndani, wakosaji ni ninyi, kwa kumzuia mtu isivyo halali. Mkichukua na sofa yake bila amri ya mahakama mmeongeza jingine. Mna katiba ya kikundi, mna daftari lenye saini yake, mna wadhamini wake wawili. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mkafungue madai. Mkiwa na ushahidi kwamba alidanganya tangu anaomba mkopo, hilo nalo ni la kupeleka polisi, si la kumfungia chumbani.

Dada_wa_Igawilo

Na mgambo je, yeye si ana uwezo wa kukamata?

Wakili_Kitanzini

Kwa deni la kikundi hana. Akija, mtakuwa mmeongeza mshtakiwa mmoja tu.

Boda_Mafiati

Wakili hapo umenipa raha, mimi mwenyewe nadaiwa marejesho ya pikipiki.